Kabla Hujaniambia "Vumilia", Nimalizie Hadithi ya Han Xin

Wakenya tunapenda sana methali za Kichina. Ingia kikundi chochote cha WhatsApp, kiwe cha familia, cha kanisa au cha chama, na kabla ya saa tatu asubuhi utakuwa umeshatumiwa moja, imeandikwa juu ya picha ya mlima wenye ukungu. Chini pale wameweka "Methali ya Kichina", na basi, mjadala umefungwa. Nani atabishana na Wachina wa kale?

Shida ya kwanza ni kwamba nyingine si za Kichina hata kidogo. Chukua ile ya kumpa mtu samaki na kumfundisha kuvua, ambayo wanasiasa wetu hawachoki kuisema jukwaani. Waliofuatilia chimbuko lake wameikuta, kwa maneno yanayokaribiana kabisa, kwenye riwaya ya Mwingereza Anne Isabella Thackeray Ritchie iitwayo Mrs. Dymond, ya mwaka 1885. Ile ya picha moja kuzidi maneno elfu kumi ilichapishwa mwaka 1927 na Mmarekani Fred Barnard, mtu wa matangazo aliyekuwa anataka wateja waweke matangazo ya picha kwenye tramu. Yeye ndiye aliyeipa lebo ya "methali ya Kichina". Ni kama vile mtu wa River Road anavyoweza kubandika jina la kampuni kubwa kwenye simu feki. Lebo ndiyo inauza.

Halafu kuna ile ya wahamasishaji: ati kwa Kichina neno la "janga", wei ji, limeundwa kwa "hatari" na "fursa". John F. Kennedy aliitumia kwenye hotuba zake mwaka 1959 na 1960, na tangu hapo imezunguka dunia nzima. Wataalamu wa Kichina wamekataa sana tafsiri hiyo. Hiyo ji iliyo ndani ya neno hilo ni wakati nyeti, pale mambo yanapoweza kugeuka, na yanaweza kugeuka vibaya. Sasa fikiria mtu aliyefutwa kazi anaambiwa achangamkie fursa kwa sababu ya sarufi ambayo haipo.

Lakini hiyo si shida inayoniuma. Inayoniuma ni ya pili: hata zile za Kichina cha kweli, tunapewa nusu. Tunapewa pale mtu anapovumilia, hatupewi pale anapouawa.

Maneno manne, mtu mmoja

Wachina wana aina nyingi za misemo. Kuna ile ya wananchi wa kawaida, isiyo na mwenyewe, kama methali zetu nyingi. Halafu kuna chengyu, misemo mifupi ambayo kwa kawaida huandikwa kwa alama nne tu. Chengyu nyingi zina hadithi nyuma yake, na watoto wa China hujifunza zote mbili, msemo na hadithi. Methali yetu ya "mvumilivu hula mbivu" haitwambii huyo mvumilivu alikuwa nani, alivumilia nini, wala kama hiyo mbivu ilimkaa tumboni. Chengyu ukiibana vizuri inakutajia jina, mji, vita na mwaka.

Ndiyo maana mimi hupenda kuanzia kwa mtu anayeitwa Han Xin. (Xin isome kama "shin".) Alizaliwa Huaiyin, eneo ambalo leo liko ndani ya mji wa Huai'an, mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China. Aliuawa mwaka 196 KK. Maisha ya huyu jamaa peke yake yamewapa Wachina misemo zaidi ya kumi ambayo bado inatumika. Mtu mmoja! Kawaida watu huchomoa mmoja wanaoutaka na kuuacha mwingine. Mimi nataka tuipange kwa foleni, tuone inasema nini ikisimama pamoja.

Mengi tunayojua kumhusu yanatoka kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyezaliwa karibu mwaka 145 KK na kuandika kitabu kikubwa cha historia kiitwacho Shiji, chenye sura 130. Sima Qian hakukaa maktaba tu. Alifunga safari hadi Huaiyin, wenyeji wakampa stori za Han Xin kijana. Kwa hivyo hata yule ambaye Wachina wanamchukulia kama baba wa historia alikusanya maneno ya mtaani.

Mazingira yalikuwa hivi. Dola ya Qin iliunganisha China mwaka 221 KK kwa mkono wa chuma. Mfalme wake mkuu akafa 210 KK, na mwaka uliofuata maasi yakalipuka kila kona. Wakabaki mafahali wawili: Xiang Yu, mtoto wa familia ya majenerali, na Liu Bang, ambaye zamani alikuwa afisa mdogo wa kijijini. Han Xin alikuwa kijana maskini katikati ya vurugu hiyo, mwenye upanga kiunoni na bila kazi.

Sahani ya mama fua

Kabla ya vita, Han Xin alikuwa anakula kwa watu. Kulikuwa na afisa mdogo wa eneo, tumwite chifu msaidizi, ambaye Han Xin alimzoea kwa miezi kadhaa. Kila siku yuko pale wakati wa chakula. Mke wa chifu akachoka. Siku moja akapika alfajiri, familia ikala ikiwa bado kitandani, na Han Xin alipofika akakuta sufuria zimeshaoshwa. Akaelewa. Hakurudi tena.

Akaenda mtoni kuvua samaki. Huko kulikuwa na wanawake wanaofua, na mama mmoja akamwona ana njaa. Akamgawia chakula chake, si siku moja, ni siku makumi, mpaka kazi yake ya kufua ikaisha. Han Xin akamwahidi kwamba siku moja atamlipa vizuri. Mama akakasirika. Akamwambia amemlisha kwa sababu amemhurumia, nani amemwambia anataka malipo?

Miaka ikapita, Han Xin akawa mfalme wa eneo la Chu, akamtafuta yule mama na kumpa dhahabu elfu moja. Kutoka hapo Wachina wana msemo yi fan qian jin: mlo mmoja, dhahabu elfu. Kwa kawaida hufundishwa kama somo la shukrani. Ni sawa. Ila mimi nasoma ile hasira ya mama. Sisi tunasema tenda wema nenda zako, na hapa kuna mtu aliyeenda zake kweli, tena kwa kufoka. Weka sahani hiyo kando, tutaihitaji mwishoni.

Yule chifu naye aliitwa. Akapewa sarafu mia moja na maneno makali: alianza wema akaukatia njiani.

Kupita chini ya miguu

Sasa tufike kwenye msemo ambao wahamasishaji wanaupenda kuliko yote: kua xia zhi ru, aibu ya kupita chini ya miguu.

Mjini Huaiyin kulikuwa na vijana wa buchani. Mmoja wao akamsimamisha Han Xin mbele ya watu. Akamwambia: wewe ni mrefu na unapenda kutembea na upanga, lakini ndani ni mwoga. Kama huogopi kufa, nichome. Kama unaogopa, pita chini ya miguu yangu. Han Xin akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akainama, akatambaa katikati ya miguu ya yule jamaa. Soko zima likacheka.

Somo tunalopewa: vumilia aibu leo, kesho utakuwa mkubwa.

Mimi somo hilo nimelila vya kutosha. Nilipotoka chuo nilifanya kazi miezi minne kwenye kampuni moja ndogo ya video hapa Nairobi. Mshahara haukuwepo, nauli ilikuja ikipenda, na kila Jumatatu meneja alikuwa anatuma kwenye grupu methali ya Kichina kuhusu subira. Jiwe na tone la maji. Mwanzi unaojipinda. Huyo Han Xin naye alitumwa, na kibonzo chake akitambaa. Sisi wanagenzi sita tulikuwa tunajibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa, halafu tunachangiana nauli ya matatu. Huyo meneja hakuwahi kukosa nauli.

Hapo ndipo nilianza kusoma hadithi yenyewe, na nikagundua mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye kibonzo.

La kwanza, hakuna aliyemwambia Han Xin avumilie. Yule wa buchani hakumhubiria subira. Han Xin alipima mwenyewe. Baadaye, akiwa mfalme, alimwita yule jamaa na, badala ya kumkata kichwa, akampa cheo cha ulinzi. Akawaeleza maafisa wake kwamba siku ile angeweza kumuua, lakini kumuua kusingemletea chochote, hivyo akavumilia na kufika hapa. Hiyo ni hesabu. Upande mmoja ni dakika moja ya aibu, upande wa pili ni kuua mtu mjini na kuandamwa na sheria. Subira inayotoka kinywani mwa anayefaidi kwa subira yako ni kitu kingine kabisa.

La pili ni hili, na ndilo lililonifungua macho: Han Xin alivumilia tusi, lakini hakuvumilia kupotezewa wakati. Maasi yalipoanza alijiunga na jeshi la upande wa Xiang Yu. Akapewa ulinzi. Akatoa mipango mara kadhaa, Xiang Yu hakuitumia. Akaacha. Mwaka 206 KK akahamia kwa Liu Bang. Huko akapewa kazi ya kusimamia nafaka, akaona na huyu pia hana mpango naye. Akaacha tena, akatoroka usiku.

Mtu ambaye tunatumiwa picha yake kama nembo ya uvumilivu aliacha kazi mbili kwa sababu hazikuwa zikimpeleka popote. Hiyo mbona hawakuichora?

Aliyemfuata usiku

Alipotoroka, waziri wa Liu Bang aitwaye Xiao He alisikia. Hakungoja hata ruhusa, akamfuata. Liu Bang aliambiwa waziri wake naye amekimbia, akachanganyikiwa kama mtu aliyekatwa mikono. Siku moja au mbili baadaye Xiao He akarudi. Liu Bang akauliza: majenerali makumi wamenikimbia na hukufuata hata mmoja, ati huyu ndiye umemfuata? Xiao He akajibu kwamba majenerali wengine wanapatikana kirahisi, lakini huyu katika nchi nzima hana wa pili. Msemo wa guo shi wu shuang, shujaa wa taifa asiye na mfano, umetoka hapo. Akamshauri Liu Bang achague siku, afunge, ajenge jukwaa, ampe Han Xin ukuu wa jeshi kwa heshima inayostahili, asimwite tu kama anayemwita mtoto. Liu Bang akakubali. Majenerali wote walifurahi, kila mmoja akidhani ni yeye anayeenda kupandishwa cheo. Alipotajwa Han Xin, jeshi zima likashangaa.

Kumbuka jina la Xiao He.

Mgongo kwa mto

Mwaka 204 KK Han Xin alikutana na jeshi la Zhao kwenye njia ya mlimani ya Jingxing. Zhao walijitangaza kuwa na askari 200,000. Han Xin alikuwa na wachache zaidi, tena wengi wageni wasio na mazoezi. Akafanya jambo la ajabu: akawapeleka askari 10,000 wavuke mto na kujipanga mto ukiwa nyuma yao. Zhao walipoona wakaangua kicheko. Kila aliyesoma vita alijua huwezi kujifungia njia ya kukimbilia.

Lakini wale askari hawakuwa na pa kwenda, wakapigana kama simba. Han Xin akashinda. Wachina hadi leo wakisema bei shui yi zhan, vita vya mgongo kwa mto, wanamaanisha kupigana pale ambapo hakuna kurudi nyuma. Ni jirani wa methali yetu ya maji ukiyavulia nguo.

Na ndiyo wahamasishaji wanayoitumia kukwambia: acha kazi, chukua mkopo wote, usibakishe njia ya kurudi, utafanikiwa tu.

Ngoja kwanza. Usiku kabla ya vita Han Xin alichagua wapanda farasi 2,000, kila mmoja na bendera nyekundu ya Han, akawaficha mlimani karibu na kambi ya Zhao. Mpango ulikuwa hivi: Zhao wakitoka wote kuwafukuza wale wa mtoni, hawa wataingia kambini, wang'oe bendera za Zhao na kusimika zao. Ikawa hivyo. Jeshi la Zhao lilipochoka na kugeuka kurudi, likaona kambi yake imejaa bendera nyekundu, likadhani wakubwa wao wameshakamatwa. Wakatawanyika.

Mto ulikuwa wa kuwafanya askari wasikimbie kwa muda wa kutosha. Ushindi ulikuwa mlimani na wale 2,000. Maafisa wake walipomuuliza baadaye, Han Xin alieleza kwamba askari wake hawakuwa jeshi alilolea mwenyewe, ilikuwa kama kuokota watu sokoni na kuwapeleka vitani, na watu wa hivyo ukiwapa njia ya kutorokea watatoroka. Kwa hivyo msee akikwambia uunguze daraja, muulize swali moja: na wale wapanda farasi wangu wako wapi?

Kuna dondoo moja ya vita hivyo ambayo naipenda hata zaidi. Upande wa Zhao kulikuwa na mshauri aitwaye Li Zuoche. Alikuwa amewaambia wakubwa wake wazibe ile njia nyembamba na kukata msafara wa chakula wa Han Xin. Wakampuuza. Han Xin alitangaza dhahabu elfu moja kwa atakayemleta huyo mtu akiwa hai. Alipoletwa amefungwa, Han Xin akamfungua, akamkalisha kwenye nafasi ya mwalimu, na kumwomba ushauri. Li Zuoche aliona haya, mateka anashauri nini? Kisha akataja msemo uliokuwepo tayari: mwenye hekima akiwaza mara elfu hakosi kukosea mara moja, na mjinga akiwaza mara elfu hakosi kupatia mara moja. Akashauri asikimbilie vita vingine, apumzishe askari, atumie sifa ya ushindi kuwatisha jirani. Han Xin akafuata, na nchi ya Yan ikasalimu amri bila kupigana. Mshindi amekaa chini kumsikiliza aliyemshinda. Huko kwetu mtu akishinda hata uchaguzi wa chama cha kina mama, wapinzani wanaondolewa kwenye grupu usiku huohuo.

Nguo na chakula cha mfalme

Kufikia 203 KK Han Xin ameteka pia nchi ya Qi. Xiang Yu na Liu Bang wanakabana koo, na ilikuwa wazi kwamba upande atakaoegemea Han Xin ndio utakaoshinda. Mshauri wake Kuai Tong akamwambia: usiegemee yeyote. Simama peke yako, nchi iwe na nguzo tatu. Akamkumbusha habari za karne mbili na zaidi zilizopita, za nchi ya Yue, ambako waziri Wen Zhong alimsaidia mfalme wake kumshinda adui kisha akalazimishwa kujiua. Akamtajia na msemo wenyewe: mawindo yakiisha, mbwa wa kuwindia hupikwa.

Han Xin akakataa. Sababu yake? Liu Bang alimvua nguo zake mwenyewe akamvisha, na akamsogezea chakula chake mwenyewe akala. Hata hiyo imekuwa chengyu, tui shi jie yi, yaani kumtendea mtu kwa ukarimu wa dhati. Han Xin akaona haiwezekani amsaliti mtu aliyemlisha.

Basi mwaka 202 KK akamsaidia Liu Bang kummaliza Xiang Yu kule Gaixia. Liu Bang akawa mfalme mkuu wa kwanza wa ukoo wa Han. Na vita vilipokwisha tu, hata vumbi halijatua, akaingia kambini kwa Han Xin na kumnyang'anya jeshi. Akamhamisha kutoka Qi hadi Chu. Mwaka uliofuata akajifanya anatembelea eneo la Yunmeng, Han Xin alipokuja kumlaki akafungwa kamba na kutupwa garini.

Hapo ndipo Han Xin alipolia kwa maneno ya zamani: sungura amekufa, mbwa anapikwa. Tu si gou peng. Waswahili walishasema shukrani ya punda ni mateke, lakini Wachina wameongeza sufuria.

Angalia vizuri kilichotokea hapa. Methali hii haikumkosa Han Xin. Aliambiwa mapema, kwa lugha anayoielewa, na mtu anayemtakia mema, akiwa bado ana jeshi mkononi. Aliijua kwa kichwa. Alikuja kuitamka akiwa ameshafungwa.

Aliachiliwa, akashushwa cheo, akawekwa mji mkuu chini ya macho ya mfalme. Siku moja walikuwa wakipiga gumzo kuhusu uwezo wa majenerali. Liu Bang akauliza: mimi naweza kuongoza askari wangapi? Han Xin akamwambia, si zaidi ya laki moja. Na wewe? Mimi, akasema, kadiri wanavyoongezeka ndivyo bora. Duo duo yi shan. Leo msemo huu hutumika hata kwa mambo ya kawaida, kama mtu akiulizwa anataka maandazi mangapi. Siku ulipozaliwa, ulikuwa ni mtu asiye na hata askari mmoja akimwambia mfalme ukweli ambao mfalme hakuuhitaji.

Mwaka 196 KK, Liu Bang akiwa nje ya mji kuzima uasi, mkewe, Malkia Lü, alisikia shtaka kwamba Han Xin amekula njama na waasi. Kama ilikuwa kweli au alisingiziwa, wanahistoria wanabishana hadi leo. Malkia aliogopa akimwita hatakuja. Hivyo ikatafutwa sauti ambayo Han Xin angeiamini. Ilikuwa ya Xiao He, yule aliyemfuata usiku. Alimwambia aje ikulu kumpongeza mfalme kwa ushindi, hata kama anaumwa. Han Xin akaja. Akauawa katika kasri la Changle, na ukoo wake ukafutwa pamoja naye. Watu wa baadaye wakaufupisha mkasa wote: kufaulu kwake ni Xiao He, kuanguka kwake ni Xiao He.

Sahani mbili

Sasa rudisha ile foleni ya misemo. Aibu ya miguu, mlo wa dhahabu elfu, mgongo kwa mto, nguo na chakula, mbwa kwenye sufuria, Xiao He. Kila mmoja ukiutoa peke yake unafaa kwa posta ya ukutani. Vumilia. Shukuru. Jitose. Kuwa mwaminifu. Han Xin alifanya yote hayo, na hakufa kwa kukosa methali.

Kuna vijana wengi huniandikia kwamba wako kazini miezi sita, mwaka mzima, wakiahidiwa kandarasi kesho. Wakiuliza, wanajibiwa wakumbuke nani aliwaokota. "Tulikuchukua ukiwa huna kitu." Hiyo ndiyo nguo ya Liu Bang. Amekuvisha, sasa anakudai maisha.

Nafikiri kosa kubwa la Han Xin halikuwa uvumilivu wala majivuno. Alipewa sahani mbili maishani akazihesabu kuwa sawa. Ya kwanza ilitoka kwa mama aliyegawana naye chakula chake mwenyewe, na alipotajiwa malipo akakasirika. Ya pili ilitoka kwa mfalme mwenye vita vya kushinda. Zote mbili zilikuwa chakula cha kweli, na njaa haichagui. Lakini moja ilikuwa huruma na nyingine ilikuwa mtaji. Deni la kwanza alilipa kwa dhahabu na likaisha. La pili alilipa kwa nchi nzima nzima alizoteka, na bado likabaki.

Kwa hivyo sikatai methali za Kichina, wala zetu. Naomba tu tuzitendee haki. Ukiletewa methali ya subira, tazama anayekuletea anapata nini ukisubiri. Ukiletewa ya shukrani, kumbuka siku uliyolishwa: aliyekupa sahani alikuwa ametaja malipo, au alikasirika ulipoyataja wewe?

Yule mama fua, Sima Qian hakumwandika jina. Tunajua tu kwamba alikuwa anafua. Lakini Huai'an wamemjengea mahali pa kumkumbuka, na katika hadithi hii yote iliyojaa wafalme ndiye pekee aliyemsaidia Han Xin na hakuhitaji chochote kutoka kwake.